Kompyuta Itauliza Swali, Jibu Ndiyo

Kazi niliyoitiwa Kigali ilikuwa kuandika kijitabu. Shirika moja lililokuwa likipeleka dawa kwenye zahanati za vijijini lilikuwa limenunua kompyuta kwa ajili ya maghala yake matatu: la Kigali, la Bujumbura na la Bukavu. Programu ilitengenezwa Nairobi na maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Makarani wa maghala walijua lugha za kwao, Kifaransa kingi au kidogo, na Kiswahili. Toleo la Kifaransa liliahidiwa, halikuja. Mtu mmoja huko makao makuu akasema, basi atafutwe mwalimu wa Kiswahili anayejua Kiingereza, ayaandike maelezo upya, na kijitabu kimoja kitatosha maghala yote matatu. Mwalimu huyo nikawa mimi.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1992. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nilikuwa nimefundisha sekondari Tabora miaka minane, na ndoa yangu ilikuwa imekwisha bila mtu kutamka kwamba imekwisha. Mume wangu hakunifukuza. Alioa mke wa pili, akapata naye mtoto, na taratibu nyumba ikawa yao, mimi nikawa kama mgeni aliyechelewa kuaga. Kaka yangu ndiye aliyeniletea tangazo la kazi. Mama alisema, "Huko si kuna vita?" Nikamjibu vita viko kaskazini, mbali na mji. Sikumwambia kwamba ningekwenda hata vingekuwa mtaa wa pili.

Nilipanga chumba Nyakabanda, kwenye ua wa seremala. Mchana kutwa ua ulinukia maranda na gundi, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mafundi cherehani wawili waliokuwa wakicheka kitu ambacho sikukijua. Nilikwenda nikiamini Kiswahili kitanitosha. Waliokijua mtaani walikuwa wengi, lakini si kile changu. Siku za kwanza nilikwenda dukani nikasema, "Habari za asubuhi, naomba unipatie kipande cha sabuni ya kufulia." Muuza duka alinitazama kwa subira, akangoja nimalize, akasema, "Sabuni? Iko." Akaiweka mezani. Baadaye tulipozoeana kidogo aliniambia Kiswahili changu ni cha redio, kinapita juu ya kichwa kama habari za bara lingine. Hakuwa na ubaya. Lakini zilikuwako siku ambazo nje ya kazi neno pekee nililoambiwa na mtu lilikuwa hilo, iko.

Jumapili ndizo zilizonishinda. Ua mzima ulikwenda kanisani, wachache wakabaki, nao walibaki na watu wao. Mimi nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilijikuta naongea peke yangu nikikunja shuka, tena kwa sauti, nikijiuliza na kujijibu kwa adabu zote za nyumbani.

Kazini nilipewa meza kwenye pembe ya roshani ya ghala, nyuma ya maboksi ya chupa za dripu. Hapo niliandika kijitabu kwa miezi mitatu, na sitaficha kwamba niliandika kwa majivuno. Niliona ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mambo ya kompyuta bila kuomba msaada kwa mtu. Niliogopa kurudia neno moja mara mbili, kama nilivyokuwa nikiwakataza wanafunzi wangu, kwa hiyo ukurasa mmoja nikaandika kuhifadhi, mwingine kutunza, mwingine kuweka akiba, yote yakiwa amri moja. Kurasa arobaini. Makao makuu walijibu kwamba ni kazi safi sana. Nadhani aliyesema hivyo hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta akiwa nacho mkononi.

Aliyekaa nacho Kigali alikuwa karani mmoja, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mjane, aliyekuwa akitoka Ndera kila asubuhi na kufika kabla ya mlinzi kufungua lango. Alikuwa mpiga taipu wa zamani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote niliyewahi kumwona, na aliandika bila kutazama kibodi. Kijitabu changu alikifunika kwa gazeti kama daftari la shule, kisichafuke. Aliniita mwalimu. Mimi nilimwita dada. Tulisalimiana asubuhi na kuagana jioni, na kati ya hapo kila mtu na meza yake.

Kila Ijumaa karani alitakiwa kunakili kumbukumbu za wiki kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye disketi, ili kompyuta ikiharibika pasipotee kitu. Ipo pia amri ya kinyume chake, ya kuzitoa kwenye disketi na kuzimwaga ndani ya kompyuta, ambayo ni ya siku ya balaa tu. Ukiitumia siku ya kawaida, ya zamani yanafunika mapya. Amri hizo mbili zilikaa ukurasa mmoja. Ya kwanza niliiandikia hivi: "Huhifadhi kumbukumbu." Ya pili: "Hurudisha kumbukumbu mahali pake." Chini yake nikaongeza: "Kompyuta itauliza swali. Jibu ndiyo."

Wiki za mwanzo aliyekuwa akifanya kazi hiyo ya Ijumaa ni fundi aliyetumwa kutoka Nairobi. Alipoondoka, ikawa kazi ya karani. Ijumaa yake ya kwanza ilipita salama kwa sababu alikuwa mgonjwa, kazi haikufanyika kabisa. Ijumaa ya pili alifungua kijitabu, akausoma ukurasa ule pole pole, akaandika ile amri ya pili, ya kurudisha, akaweka disketi. Kompyuta ikauliza kwa Kiingereza kama ana hakika anataka kufuta yaliyomo. Akajibu ndiyo.

Jumatatu kompyuta haikujua kitu chochote kilichotokea ghalani kwa wiki mbili.

Mkuu wa ghala alikuwa mtu mkali bila kupaza sauti. Alitusimamisha wote mbele ya kompyuta na kumwuliza karani alifanya nini. Karani akamwonyesha amri kwa kidole.

"Hii ni ya kurudisha," mkuu alisema. "Nani alikuambia urudishe?"

"Nilimaliza kazi," karani alisema. "Nilirudisha kumbukumbu mahali yake."

"Mahali yake ni wapi?"

"Disketi. Disketi iko kwa kabati, kabati iko na kufuli. Kila kitu tunarudisha huko."

Mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyefurahi, akanitazama kana kwamba mimi na yeye tulikuwa upande mmoja. Nami nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilikiona kijitabu mezani, gazeti lake limeanza kuchakaa kwenye pembe, na nilijua neno kwa neno kilichoandikwa humo. Kwangu mimi mahali pa kumbukumbu palikuwa kompyuta. Kwake, mahali pa kitu chochote cha thamani ni panapofungwa kwa ufunguo. Sentensi yangu ilikubali maana zote mbili, na yeye alichagua ile ambayo mtu mwenye akili timamu angeichagua.

Nilinyamaza. Mkuu alimwandikia karani barua ya onyo, akamtoa kwenye kompyuta, akampeleka chini kufunga maboksi kwa kamba. Nilinyamaza Jumatatu nzima, na Jumanne, na Jumatano. Nilijiambia nasubiri hasira ipoe. Ukweli ni kwamba mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na sikuwa na mahali pa kurudi ambapo ningeitwa mwenyeji. Kutoka mezani kwangu niliweza kumwona chini, amepiga goti juu ya boksi, akivuta kamba kwa vidole vile.

Mengi tuliyapata tena kwa kupekua hati za mizigo. Kilichopotea kabisa ni maombi ya zahanati, maana yalikuwa yakiandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta yanaposomwa kwa redio ya mawasiliano. Alhamisi akaja muuguzi. Alikuwa ametoka zahanati ya milimani upande wa mashariki, njia nyingine kwa miguu na nyingine juu ya gari la mizigo, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu. Alikaa kwenye benchi la nje akaomba maji.

"Tuliomba dawa ya malaria ya watoto," alisema. "Mara mbili. Hamkujibu."

Mkuu wa ghala alimweleza kuhusu kompyuta. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Sikumwuliza kilichotokea huko kwao katika siku walizosubiri, na yeye hakusema. Alipakiwa maboksi yake, akayahesabu kwa macho, akapanda gari.

Mchana ule nilikwenda ofisini kwa mkuu na kijitabu.

"Kosa ni langu," nilimwambia. "Alifanya nilivyoandika."

Alisoma ukurasa, akaurudia. "Mimi naelewa hapa," alisema. "Unarudisha kwenye kompyuta."

"Wewe unaelewa kwa sababu tayari unajua."

"Na hapa? Jibu ndiyo?"

"Hapo ndipo pabaya zaidi."

Alifunga kijitabu. Akasema jambo limekwisha, barua imekwisha kuwekwa faili, na makao makuu hawapendi kusikia kwamba kitu walichokisifu kina kasoro. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayenipa bahati. Nikamwambia basi nitawaandikia mimi. Nikaandika usiku uleule, nikaipeleka barua kesho yake, nikieleza ukurasa, mstari na maneno, na kwamba karani aondolewe onyo. Jibu lilichukua karibu mwezi. Walisema onyo lifutwe, karani arudi kwenye kompyuta, na mimi nikiandike upya kijitabu chote kabla Bujumbura na Bukavu hawajaanza kukitumia.

Nilimpelekea karani habari hizo mwenyewe, chini kwenye maboksi. Alimaliza kufunga fundo alilokuwa analifunga.

"Ulijua siku gani?" aliniuliza.

"Siku ileile."

"Siku ileile," alisema. Akasimama, akajipangusa magoti. "Asante kwa barua, mwalimu."

Akapanda juu kwenye kompyuta, na kwa wiki mbili hakuniambia kitu kisicho cha kazi.

Nilikiandika upya kijitabu nikiwa naogopa kila sentensi. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Ukishajua maana ya jambo, huwezi tena kulisoma kama asiyejua, hata ukijilazimisha. Mwishowe nilimfuata nikamwomba anisaidie saa ya chakula. Nilimwambia: nitakupa ukurasa, utausoma kwa sauti, utafanya kile tu kilichoandikwa. Kama hakikuandikwa, usikifanye.

"Hata kama mimi najua?"

"Hata kama unajua."

Alifikiri. "Hiyo ni kazi ya kunifanya mjinga."

"Hapana. Ni ya kuonyesha mjinga ni nani."

Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jambo lile. Akavuta kiti.

Alikuwa mkali kuliko mkaguzi yeyote wa shule. Alikaa mikono imelala pajani, akasoma, na vidole havikuinuka mpaka sentensi ivipe sababu. Siku ya kwanza alisoma, "Futa skrini kabla ya kuanza." Akashika pembe ya kitenge chake akaipangusa skrini, vizuri, pembe zote nne, kisha akanitazama.

"Unanitania," nilisema.

"Umesema futa. Nimefuta. Sasa ukurasa wa tatu umesema, futa jina la zahanati iliyofungwa. Pale iko kufuta gani? Ya kitambaa, au ya kupotea?"

Nikatazama. Ni kweli, nilitumia futa kwa kusafisha skrini, jambo lisilo na madhara, na futa kwa kuondoa kumbukumbu zisirudi tena. Tukakubaliana neno futa libaki kwa lile la kupotea peke yake, na lile jingine tuandike: "Ondoa maandishi kwenye kioo. Kumbukumbu hazipotei." Kutoka siku hiyo nikaacha aibu ya kurudia maneno. Kitu kimoja, neno moja, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Siku nyingine tulifika kwenye disketi. Nilikuwa nimeandika, "Usitoe disketi kabla taa haijazimika." Kwangu ilikuwa sentensi safi, mtu yeyote wa nyumbani angeipitisha. Yeye aliisoma mara tatu.

"Haijazimika," alisema. "Ni kusema inawaka?"

"Ndiyo, bado inawaka."

"Kwa hiyo, kabla inawaka, nisitoe. Na ikiwaka, nitoe?"

Nilianza kumweleza kanuni ya kabla, kwamba kitenzi kinachofuata huwekwa katika ukanushi. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Alinisikiliza.

"Mwalimu," alisema, "huyo mtu wa Bukavu, wakati anasoma, wewe utakuwa pale kumweleza hiyo?"

Nikachukua kalamu. "Ngoja taa izimike. Kisha toa disketi." Akasoma, akangoja, akatoa. Halafu akauliza ni taa ipi, maana siku hizo umeme ulikuwa ukikatika na taa ya chumba ilizimika mara kwa mara. Nikaongeza: taa ndogo ya kijani, pembeni mwa tundu la disketi.

Ule ukurasa wa kurudisha tuliufanya mwisho. Hakuna kati yetu aliyetaka kuufikia. Aliniachia niandike mwenyewe, na nilipompa alisoma kimya kwanza. "Amri hii huchukua kumbukumbu za zamani kutoka kwenye disketi na kuziweka ndani ya kompyuta. Kumbukumbu mpya zilizo ndani ya kompyuta hupotea. Usiitumie kama kompyuta inafanya kazi vizuri. Kompyuta itauliza: una hakika? Kama huna hakika, jibu hapana, kisha mwite mkuu wa ghala."

"Weka hapana mbele," alisema.

"Vipi?"

"Mtu anaogopa, anasoma mstari wa kwanza tu. Weka mbele kabisa, kabla ya yote. Jibu hapana."

Nikaweka.

Saa zile za chakula zilidumu karibu miezi minne, na nikikumbuka Kigali nakumbuka hizo. Alileta viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa, mimi nikaleta chai kwenye chupa. Tulizungumza maneno, na kupitia maneno tukapitia mengine kidogo: mumewe aliyefariki kwa kifua, watoto wake wawili wa kike, shamba lake la maharage na mtama. Nilimwambia kuhusu mume wangu. Alisikiliza, akauliza, "Aliondoka, au wewe uliondoka?" Nikasema sijui. Akasema, "Hiyo sentensi iko na maana mbili," akaendelea kula. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko.

Jumapili moja alinialika kwake Ndera. Nilivaa gauni langu zuri. Alikuwapo mama yake, dada yake na majirani, na ndizi za kupika na maharage na pombe ya mtama kwa wanaokunywa. Walinipokea kwa mikono miwili. Mwanzoni karani alinitafsiria kila kitu, akiegemea upande wangu. Kisha hadithi ikanoga, akatafsiri nusu. Kisha akasahau. Nilimwona akiongea kwa lugha yake, haraka, mikono ikipaa, mtu mwingine kabisa, mcheshi, watu wote wakimgeukia. Kumbe mimi nilikuwa namjua kwa Kiswahili chake tu, na humo hakuwa na nafasi ya kuenea. Nilikaa nikitabasamu kila walipocheka. Nilifurahi kumwona hivyo, na nilijisikia mpweke kuliko nilivyowahi kujisikia chumbani kwangu.

Jioni alinisindikiza mpaka barabarani, tukaenda pamoja kipande cha njia. Kulikuwa na kizuizi cha askari. Pasipoti yangu waliitazama kifuniko tu. Kitambulisho chake, ambacho kiliandikwa na kabila, walikaa nacho, wakakigeuza, wakamwuliza jambo, wakakigeuza tena. Alijibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ghalani. Walipokirudisha tulitembea mpaka kona.

"Walisema nini?" nilimwuliza.

"Hakuna kitu," alisema. "Wamesoma tu."

Kijitabu kipya kilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Kilichapwa, kikapelekwa Bujumbura na Bukavu, na baadaye makao makuu wakakitumia kama kielelezo cha kuandikia vingine. Karani wa Bukavu alituma salamu kwa redio kwamba amekisoma na hana swali. Nilimpa karani wetu salamu hizo naye akasema, "Huyo hajakisoma." Lakini nilimwona akilirudia jambo hilo mchana, peke yake, akitabasamu.

Mwishoni mwa mwaka 1993 mkataba wangu ulikwisha na haukuongezwa, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha. Siku ya kuondoka gari la mizigo lilikuwa likishusha shehena na kila mtu alikuwa mbioni. Tuliagana mlangoni kwa mikono, yeye na hati chini ya kwapa. Aliniambia nikifika niandike. Nikamwambia nitaandika. Akaitwa, akageuka, akaenda kuhesabu.

Nilimwandikia Januari, akajibu barua fupi, yenye sentensi fupi, kila moja na maana moja. Binti mkubwa amefaulu. Maharage yameharibiwa na mvua. Kompyuta inafanya kazi vizuri. Niliandika tena Machi.

Aprili nilikuwa Tabora kwa mama, nikifundisha kwa muda shule nyingine. Sitaeleza redio ilisema nini wiki zile. Walimu wenzangu waliizungumzia habari ile katika chumba cha walimu, wakaitikisia vichwa, kisha wakaingia vipindi. Hawakuwa na mtu huko. Nilikuwa nyumbani, katikati ya lugha yangu, na hapakuwa na hata mmoja ambaye ningemwambia ninamfikiria nani bila kwanza kueleza kompyuta, na disketi, na kamba za maboksi. Mama ndiye aliyeacha kuniuliza kwa nini sili. Alikuja tu kukaa karibu nami na mboga zake, akichambua.

Nilituma barua nne mwaka ule. Hazikurudi wala hazikujibiwa. Karibu na Desemba dereva mmoja wa shirika, mtu wa Kigoma ambaye alikuwa akishusha mizigo Kigali siku zangu, alipita Tabora akanitafuta. Alikuwa ameingia Kigali mara mbili baada ya vita. Ghala lilivunjwa, dawa zilichukuliwa, na kompyuta pia. Mkuu wa ghala alikuwa nje ya nchi, kambini.

"Na yule mama wa kompyuta?" nilimwuliza.

"Nilikwenda Ndera, dada. Nilikumbuka mlikuwa pamoja. Nyumba ipo, mlango haupo. Niliuliza watu wawili. Mmoja alisema alimwona akiondoka na binti mmoja. Mwingine alisema hamjui."

"Binti mmoja?"

"Alisema hivyo. Sikuelewa kama alimaanisha mmoja tu, au mmoja aliyemwona."

Nilimpikia chakula. Alikula, akapumzika, akaondoka kabla jua halijazama.

Wiki ile niliandikia makao makuu Nairobi. Niliwaambia kile kijitabu walichokuwa wakikitumia sasa katika nchi kadhaa kiliandikwa na watu wawili, nikawaomba katika toleo litakalofuata waweke jina la karani kwenye ukurasa wa mbele. Walinijibu kwa heshima. Walisema wamesikitika sana, na kwamba vitabu vya maelezo vya shirika havina desturi ya kuandikwa majina ya watu. Nilikuwa na hasira kwa muda mrefu. Siku hizi nami naandika haya bila kuliandika jina lake, kwa sababu sijui yuko wapi nimwombe ruhusa, na bado natuma barua nikipata mtu wa kumpa.